Sayari Zisizo na Kivuko

Imezoeleka miongoni mwa baadhi ya wahakiki kudai kwamba bunilizi ya kisayansi ni mgeni katika fasihi ya Kiswahili, na kwamba michezo ya mezani, ambamo wachezaji huigiza wahusika na kuamua matukio kwa dadu, haistahili hata kutajwa katika uhakiki. Madai yote mawili hayana mashiko.

Kwanza, ugeni. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani mwaka 1951, miaka sita kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, mwana wa Pwani, alimrusha Dzombo hadi ulimwengu mwingine ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwua. Baina ya vitabu hivyo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ugeni uko wapi?

Pili, mchezo. Mhakiki huyo huyo hufundisha kitendawili, ambacho anayeshindwa kukitegua hutozwa mji, na mtegaji akaenda katika mji huo kwa maneno matupu. Ikiwa safari hiyo ni fasihi, sayari inayobuniwa na wachezaji wanne mezani imekosa nini?

Hata hivyo, watunzi wa michezo nao wana deni. Kukipachika jina la Kiswahili chombo cha angani kilichobuniwa kwingine si kubuni; ni kupaka rangi. Ulimwengu wa mchezo hujengwa kwa kanuni. Traveller, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1977, umejengwa juu ya kanuni kwamba habari za nyota moja haziifikii nyingine kabla ya chombo kinachozibeba. Mombasa iliishi kwa kanuni hiyo karne nyingi, ikingoja kaskazi ilete majahazi na kusi iyarudishe.

Basi mtunzi wa Likoni ana lipi la kuazima? Mbele yake kipo kisiwa chenye ofisi na masoko, na sehemu tatu za bara zinazokizunguka, kila moja na njia yake: Likoni kwa feri, Kisauni kwa daraja la Nyali, Changamwe kwa Makupa. Huko Changamwe upo mtambo ulioanza kusafisha mafuta mwaka 1963 ukakoma mwaka 2013. Sehemu hizo zigeuzwe sayari, na maswali yatabaki yale yale: nani anavuka, nani anangojeshwa, nani anafaidi? Hayo si mapambo. Kivuko cha Mtongwe kilipozama mwezi Aprili 1994, watu 272 walikufa wakivuka kwenda kisiwani.

Mchezo unaomtaka mchezaji arushe dadu kabla ya kuvuka, naye akijua kwamba tajiri wa kisiwani hatakiwi kuirusha, umekwisha kusema jambo kuhusu jamii. Uhakiki unaoupuuza kwa kuwa unachezwa, wala hausomwi, umesahau kwamba fasihi yenyewe haikuanzia kitabuni.