Kabla ya Kuandika Maporomoko, Tuandike Chakula

Ndugu vijana,

Likizo kubwa inakaribia, na katika parokia nyingi za Lubumbashi na Likasi vikundi vya vijana vimekwisha kuanza kukusanya michango ya safari. Wengi wenu mwatamani kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kupita Ndola, kulala Lusaka, na hatimaye kufika Livingstone, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Ni tamaa njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Neno letu ni juu ya karatasi ile inayoandikwa wiki kadhaa kabla ya basi kuondoka: orodha ya mahali pa kuona na mahali pa kula. Twaona kwamba karatasi hiyo tumezoea kuiandika kinyume. Twaanza na vya kuona, twamaliza na vya kula, na mara nyingi hivyo vya kula hatuviandiki kabisa. Kumbe chakula ndicho kingetangulia.

Twasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Tulikuwa watu 14, na safari ilikuwa ya siku saba. Tuliandika mahali tisa pa kutembelea, tukajivunia urefu wa orodha. Mchango ulihesabu nauli, malazi na viingilio. Kwenye mstari wa chakula tuliandika maneno manne tu: "kila mtu atajitegemea njiani". Hakuna aliyepinga. Tulidhani ukimya ule ni kukubali.

Usiku wa tano, tukiwa Livingstone, tuliingia katika mgahawa mzuri, wenye taa ndogondogo na vitambaa mezani. Dada mmoja wa kikundi akasema tumbo lamwuma, akabaki nje kwenye benchi. Ilikuwa mara ya tatu tumbo lile kuuma wakati wa chakula. Mmoja wetu alipotoka kumwangalia, alimkuta akila biskuti na kunywa maji. Alikuwa akila hivyo tangu siku ya tatu, pamoja na chai ya asubuhi tuliyopewa pale tulipolala. Hakuwa mgonjwa. Fedha aliyoibeba kwa ajili ya chakula ilikuwa imekwisha mapema, kwa kuwa sisi wengine tulichagua meza ambazo sahani moja ilikuwa na bei ya sahani tatu za kituo cha basi. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa upole: "Mliandika viingilio, hamkuandika chakula. Ningesema nini?"

Maporomoko tuliyaona kesho yake, nayo ni makubwa kama yasemwavyo. Lakini hadi leo, tukiikumbuka safari ile, twaanza na lile benchi.

Wako watakaotujibu kwamba kila mtu aujue mfuko wake; asiye na fedha za kutosha asipande basi. Jibu hilo linafaa kwa watu wanaosafiri kila mmoja peke yake. Kikundi ni kitu kingine. Kikundi kikikaa mezani, anayechagua meza huwachagulia wote bei, hata kama hakukusudia. Mwenye fedha husema "tuingie hapa" kwa moyo mweupe, na asiye nazo hana njia ila kuona haya au kudanganya. Ndipo yazaliwapo matumbo yanayouma, "sina njaa", "nimefunga leo", na "nitawakuta baadaye". Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi katika safari za vijana, nasi tulikuwa tunayaamini.

Wengine watasema: nafasi ya kwenda nje ya nchi huja mara moja, basi tuone kila kitu. Nao twawaelewa. Lakini itazameni njia yenyewe. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni karibu kilomita 470. Hiyo ni siku nzima ndani ya basi, na kurudi ni siku nyingine. Mpaka wa Kasumbalesa, pamoja na misururu yake ya malori ya shaba, waweza kuwala asubuhi nzima. Siku saba zikitolewa siku za barabara, zinabaki chache mno. Anayezijaza vituo tisa ataviona kupitia dirishani. Sisi tulifika kwenye jumba moja la makumbusho nusu saa kabla ya kufungwa. Tulilipa kiingilio kamili, tukapita mbele ya kabati za vioo kama watu wanaokimbia mvua. Mkiwa na vituo vichache, fedha ya viingilio na ya nauli za mjini hupungua, na hiyo iliyopungua yaweza kuwalisha wote.

Basi haitoshi kulaumu. Twapenda kuonyesha jinsi ambavyo tungeiandika karatasi ile leo, kwa njia ile ile na siku zile zile saba. Tungeweka vituo vitatu tu: Ndola, Lusaka na Livingstone.

Ndola iwe ya kwanza, kwa kuwa ni jirani yetu na kwa kuwa historia yake ni yetu pia. Nje kidogo ya mji huo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ilianguka ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa safarini kukutana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimamishwe. Mahali pale pana ukumbusho. Kijana wa Lubumbashi asimamaye hapo hasimami mbele ya habari za watu wengine. Asimama mbele ya sura moja ya maisha ya babu zake. Kituo hiki kimoja, kikipewa muda wa kutosha na mzee mmoja wa kusimulia, chashinda vituo vinne vya kupigia picha.

Na chakula cha Ndola? Hapo ndipo twashangaa kwa nini tulitafuta migahawa ya mbali. Katika mji huo husemwa sana Kibemba, nacho ni lugha ambayo wengi wetu twaisikia nyumbani. Nshima yao ndiyo bukari yetu. Mboga wanazopika kwa karanga zilizotwangwa huziita ifisashi. Chikanda yao, ile inayotengenezwa kwa viazi vya porini na karanga na kukatwa vipande, ndiyo kikanda tunayoijua sokoni kwetu. Munkoyo wanywa wao, twanywa sisi. Kapenta wao ni ndakala wetu. Katika vibanda vya karibu na stendi ya mabasi mtu hushiba kwa fedha kidogo, tena hukaa benchi moja na dereva, mwanafunzi na mama wa sokoni, akaulizwa atokako na aendako. Anayesafiri ili ajue watu, hapo ndipo watu walipo.

Lusaka iwe kituo cha kupumzikia njiani. Usiku mmoja wa kwenda, usiku mmoja wa kurudi, na asubuhi moja ya kutembea. Jumba la Makumbusho la Taifa liko huko, na sanamu ya mtu akikata minyororo, iliyosimamishwa kuwakumbuka waliopigania uhuru, huonekana bila mzunguko mrefu. Mkifika huko Jumapili, tafuteni Misa ya mapema kabla ya kupanga mengine. Mtu hujisikia si mgeni kabisa anapokutana na kwaya. Kumbukeni pia kwamba magari ya Zambia hupita upande wa kushoto, sivyo kama kwetu. Anayevuka barabara kwa mazoea ya nyumbani hutazama upande usiofaa.

Livingstone ipewe siku mbili nzima zisizoguswa na basi. Jina Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi unaonguruma, na msemaji wa Kiswahili halikosi sikioni neno lake la moshi. Maji ya Zambezi, ambao chanzo chake hakiko mbali na mpaka wetu, huanguka huko kutoka kimo cha mita 108, kwa upana wa mita zaidi ya 1,700. Yafaa mjue majira. Mwezi wa nne maji huwa mengi hata ukungu wake huyafunika macho. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu mahali pengi. Likizo yetu ya mwezi wa saba na wa nane yaangukia katikati: maji bado yapo, na macho yanaona. Chukueni nguo ya pili, kwa maana mtalowa. Siku ya pili iwe ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905 kati ya Zambia na Zimbabwe, na ya jumba la makumbusho la mji. Michezo ya bei kubwa, ile ya kuruka na kamba au kupanda helikopta, isiandikwe katika orodha ya kikundi. Anayeitaka na aifanye siku nyingine kwa safari yake. Mchana mmoja wa namna hiyo hugawa kikundi kuwa wanaoruka na wanaoshika mikoba.

Je, twataka vijana wasionje kamwe mahali pazuri? Sivyo. Twapendekeza mlo mmoja wa mgahawa, jioni ya mwisho Livingstone, uwekwe ndani ya mchango tangu mwanzo na uwe wa wote. Bei iulizwe mapema kwa simu, sahani ichaguliwe moja, na mtunza hazina alipe kwa mkono mmoja. Mlo wa namna hiyo ni karamu. Mlo ambao kila mtu hutazama bei kabla ya kutazama chakula, hata ukiwa na vitambaa mezani, haujafika kuwa karamu.

Limebaki swali gumu: mchango uwe kiasi gani? Sisi sasa twafanya hivi. Kabla ya kutaja mji wowote, kila mwana kikundi hupewa kipande cha karatasi kisichoandikwa jina, naye huandika kiasi anachoweza kutoa bila kuwanyima nyumbani. Karatasi hukusanywa kofiani. Kiasi cha chini kabisa ndicho kinachosomwa kwa sauti, na safari hupangwa kuanzia hapo. Kwanza huondolewa hati za mpaka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa bila hizo hakuna safari. Kisha chakula cha siku zote, cha watu wote. Kisha nauli na malazi. Kinachobaki ndicho cha viingilio.

Mara nyingine hakibaki kitu. Hapo mtu huuliza: je, watu 13 wakose maporomoko kwa sababu ya mmoja? Swali hilo tumeulizwa, wala si swali la watu wabaya. Jibu letu ni kwamba njia zipo mbili zilizo wazi. Ya kwanza, kikundi chote kifanye kazi pamoja miezi kadhaa, kilime, kioshe magari, kiuze maandazi baada ya Misa, na mapato yaingie mfuko mmoja wa wote, wala yasiitwe msaada kwa fulani. Ya pili, mwaka huu twende Ndola peke yake, siku tatu, na Livingstone ingoje. Maporomoko hayahami. Ndiyo, njia ya pili ina uchungu, nasi hatuwafichi: mwaka mmoja tuliifuata, na wawili kati yetu walikasirika wakaacha kuja mikutanoni kwa muda. Lakini hakuna aliyeumwa tumbo.

Ndugu vijana, katika mkutano wenu ujao wa kupanga safari, msikubali karatasi ianze na majina ya mahali. Chukueni kalamu, na juu kabisa, kabla ya Ndola, kabla ya Lusaka, kabla ya Livingstone, andikeni: chakula, siku saba, sisi sote. Kisha hesabuni.