Nani Atakubali Uchunguzi wa Mkulima?

Katika mashamba ya skimu, toka Muhoroni hata Koru na Songhor, hakosekani mkulima mwenye tabia ya kuchunguza. Hupima mvua kwa kopo, hupanda mistari miwili ya mahindi kwa namna mbili, huokota mawe yenye sura ya ajabu akayaweka nyumbani. Hana shahada, wala hakuna aliyemtuma. Majirani humcheka, na watu wa nyumbani huuliza kazi hiyo italeta unga kiasi gani. Wengi wa watu hao mwishowe huchoka wakaacha, kwa kuwa hawakupata hata mtu mmoja wa kuwaambia kama waliyoyaona ni kweli au si kweli.

Hiyo ni hasara, na watu wa Koru hasa yafaa waijue. Mwaka 1926 Daktari H. L. Gordon, mlowezi aliyekuwa na shamba hapo, aliona mifupa iliyogeuka mawe ndani ya mawe ya chokaa. Hakuwa mtu wa makumbusho, lakini aliipeleka London kwenye Makumbusho ya Uingereza. Bwana A. T. Hopwood wa huko aliona kwamba ndani yake mna taya la mnyama wa jamii ya sokwe. Mwaka 1931 akaja Koru mwenyewe kutazama, na mwaka 1933 akampa mnyama huyo jina la Proconsul, kwa kumkumbuka Consul, sokwe wa maonyesho aliyejulikana sana Uingereza. Ilipita miaka saba toka shambani hata kitabuni! Na kama mawe yale yangefika London bila kujulikana yametoka wapi, Hopwood angekwenda kuchimba wapi?

Iko pia habari ya Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili afanye aiskrimu, yakaganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amekosea. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa huko Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wote, nao wakacheka. Osborne hakumsifu wala hakumkana. Alirudi kwake, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu kwa maji. Mwaka 1969 habari hiyo ilitolewa katika jarida la fizikia kwa majina yao wawili. Wataalamu wanabishana hata leo kama jambo lenyewe ni kweli, lakini wanabishana kwa vipimo.

Basi mwenye kuchunguza ahitaji mtu wa pili wa kujaribu kama yeye, na huyo si lazima awe msomi. Tuseme mkulima anaona majani fulani yanazuia kayongo katika mahindi yake. Apande sehemu mbili, moja yenye majani hayo na moja isiyo nayo, siku moja, mbegu moja, mbolea moja. Apime mavuno kwa mizani, aandike katika daftari pamoja na tarehe, kisha arudie mvua za vuli. Halafu ampe jirani wa ng'ambo ya mto ajaribu naye. Hata wataalamu wa icipe huko Mbita walipanda desmodiamu katikati ya mahindi kwa ajili ya viwavi watoboao mabua, wakaona kayongo nayo inapungua. Jambo hilo lilijaribiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe.

Maafisa wa kilimo, ambao tangu 2013 wako chini ya kaunti, wana sehemu yao. Mkulima akileta daftari lake, afisa asimwulize cheti. Amwulize alipanda lini na alipima kwa kitu gani, kisha aende akaone. Asiye na daftari, afisa ana haki ya kumrudisha nyumbani akaanze kuandika.

Na yule mwenye mawe ya mifupa asiyang'oe. Sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 yataka apeleke habari, na Makumbusho ya Kisumu si mbali. Ayapige picha kwa simu yakiwa yamelala pale pale, aandike namba ya shamba na siku aliyoyaona, apande gari.