Kando na Umati

Kijana unayejiandaa kuanza shahada ya uzamili ya tiba ya usemi au ya usikivu, pamoja na vitabu vya maumbile ya sikio, soma tena Marko 7:31-37. Yesu alimtoa yule kiziwi mwenye utasi kando na umati, akamgusa masikio na ulimi. Kazi inayokungoja ndiyo hiyo: mtu mmoja, chumba kimya, sauti ileile mara mia.

Kabla masomo hayajaanza, keti na mtoto mwenye kigugumizi katika Shule ya Jumapili. Usimharakishe, wala usimmalizie neno.

Nanyi wazazi wa mtoto anayechelewa kusema, ombeni, lakini mpelekeni apimwe masikio mapema. “Atasema tu” huwapotezea watoto miaka ambayo lugha hujifunzwa kwa wepesi zaidi.