Jina Limetangulia, Jiwe Lifuate: Wanyama wa Kale, Wachongaji wa Tabaka na Deni la Kiswahili

Mnamo mwaka wa 2019, jina la Kiswahili liliingia katika orodha ya kimataifa ya viumbe waliotoweka duniani. Jina hilo ni Simbakubwa kutokaafrika. Mwenye jina aliishi yapata miaka milioni 22 iliyopita, na mabaki yake yalipatikana mahali paitwapo Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Vipande vya taya, meno makubwa ajabu na mifupa michache ya mguu vilichimbuliwa kati ya 1978 na 1980, vikahifadhiwa katika makavazi ya taifa jijini Nairobi, na vikakaa humo kwa miongo kadhaa kabla ya wanasayansi wawili, Matthew Borths na Nancy Stevens, kuvitazama upya na kumpa mnyama huyo jina.

Tangu hapo jina limetembea. Limechapishwa katika majarida ya sayansi na kutamkwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili. Lakini mtu akienda Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, kunakochongwa vinyago vya mawe vinavyouzwa kote ulimwenguni, ataonyeshwa twiga, tembo, kiboko, kifaru, sahani na seti za sataranji. Simbakubwa ni vigumu kumwona. Jina limetangulia, umbo halijafuata. Makala haya yanashikilia kwamba hali hiyo ni hasara kwa wachongaji na kwa Kiswahili pia, na kwamba wasomi wa lugha hii wana deni la kulipa katika jambo hili, ingawa wengi wao hudhani kwamba mawe na mifupa si taaluma yao.

Kwanza, yafaa kukumbuka kwamba Simbakubwa si wa pekee. Katika miongo ya karibuni, Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha zinazochotwa na wataalamu wa visukuku wanapotafuta majina. Kutoka Tanzania alitokea Asilisaurus kongwe mnamo 2010, mtambaazi wa kale aliye karibu na chimbuko la dinosaria. Mwaka huo huo alitangazwa Pakasuchus, jamaa ya mamba mwenye umbo dogo, aliyepewa jina la paka kwa kuwa meno yake yanafanana na ya mamalia. Mwaka wa 2014 alifuata Nundasuchus kutoka Songea. 2017 akaja Shingopana kutoka Songwe. 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria mkubwa aliyepatikana kando ya mto Mtuka, ambaye mojawapo ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Mwaka wa 2022 akaongezwa Mambawakale ruhuhu, ambaye fuvu lake lilichimbuliwa mwaka wa 1963, likapelekwa Uingereza, na kusubiri huko takriban miaka 60 kabla ya kuitwa kwa jina.

Mwanafunzi wa isimu akiyatazama majina haya hawezi kukosa la kusema. Shingopana ni sahihi: shingo ni pana. Mambawakale na Mnyamawamtuka yana upatanisho usio na dosari. Lakini Simbakubwa litamfanya mwalimu wa sarufi ashike kalamu nyekundu. Simba ni kiumbe hai, naye huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, kwa hiyo ilitarajiwa aitwe simba mkubwa. Vilevile, "kutoka Afrika" ni muundo unaonukia Kiingereza. Kiswahili kingeridhika na "wa Afrika". Hata hivyo, jina hilo lina utetezi wake. Nomino inapotiwa katika hali ya ukubwa huhamia ngeli ya LI-YA, nasi husikia joka kubwa, jibwa kubwa, jitu kubwa. Mnyama anayekisiwa kuwa aliwazidi simba wote wa leo anastahili ukubwa huo wa kisarufi. Tatizo zito zaidi ni la maana. Simbakubwa hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la wanyama walao nyama waitwao hayenodonti, ambalo lilitoweka lote bila kuacha kizazi. Mchongaji atakayelifuata jina peke yake atachonga simba mnene mwenye manyoya shingoni, na atakuwa amekosea.

Hapa ndipo kiini cha hoja kilipo. Kiumbe aliyetoweka hana mtu aliyemwona. Hafikiwi ila kupitia mifupa na maneno. Mifupa imefungiwa katika makabati, na maneno yanayoieleza yamefungiwa katika Kiingereza cha kitaalamu. Mchongaji wa Tabaka anayemjua kiboko anaweza kumchonga usiku bila taa. Anayetaka kumchonga Simbakubwa anahitaji kuelezwa: kichwa kilikuwa kikubwa kiasi gani, meno yalipangwaje, nyayo zilikanyaga vipi, na ni kipi katika hayo kinachojulikana kwa yakini na kipi kinachokisiwa. Kazi ya kueleza hivyo kwa lugha anayoielewa mchongaji si ya mwanajiolojia peke yake. Ni kazi ya mtu wa lugha.

Fasihi simulizi ya Kiswahili ina mfano bora wa jambo hili. Katika hadithi ya Sultani Majnun, iliyohifadhiwa katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka wa 1870, kijana wa mwisho wa sultani anakwenda mwituni kumsaka nunda, dubwana lililowala watu. Kila anapoua mnyama humburura hadi kwa mamake, akidhani amempata, na kila mara mama humkatalia. Mwishowe anamtambua nunda kwa dalili alizoelezwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Kijana huyo hakuwa amemwona nunda. Alibeba wasifu wa maneno kichwani, akaulinganisha na kilichokuwa mbele yake. Wala si sadfa ndogo kwamba nunda huyo ndiye aliyelipa jina dubwana la Songea. Wanasayansi walilichukua neno. Ni ajabu kwamba wenye neno hawajaichukua mbinu.

Pili, jiwe lenyewe linafaa kwa kazi hii. Jiwe la sabuni la Kisii lina ulanga mwingi, nao ni miongoni mwa madini laini kuliko yote. Hukatwa kwa msumeno na panga, huchongwa kwa patasi na kisu, husuguliwa kwa msasa na maji, kisha hupakwa nta hadi ling'ae. Lina rangi nyeupe, ya maziwa, ya waridi, ya kijivu na nyeusi. Ulaini huo una gharama yake: sehemu nyembamba huvunjika. Miguu ya twiga, shingo yake, pembe za swara, vyote hivi ni vidonda vya kudumu kwa mchongaji anayesafirisha kazi yake. Sasa zingatia Sivatherium, jamaa ya twiga aliyeishi Afrika Mashariki, ambaye mabaki yake yamepatikana Olduvai: mwili mzito, shingo fupi, pembe pana. Au Deinotherium, jamaa ya tembo, ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, karibu na mwili. Maumbo haya yameshikana, hayana vijiti vinavyochomoza, na yanalikubali jiwe laini kuliko anavyolikubali twiga wa leo. Mnyama wa ajabu wa kale, kwa kifupi, si mzigo kwa mchongaji. Huenda akawa nafuu.

Aidha, Tabaka haina upungufu wa ubunifu. Mchongaji mashuhuri Elkana Ong'esa alitoa katika jiwe hili ndege wa amani anayejulikana kama Enyamuchera, na sanamu hiyo ikasimamishwa mwaka wa 1978 katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ndege huyo hakuzaliwa katika orodha ya bidhaa za watalii. Alizaliwa katika imani na masimulizi ya Abagusii. Tukivuka mpaka tunakutana na Wamakonde ambao, katikati ya karne ya 20, walianza kuchonga mashetani: viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyopotoka na midomo isiyo ya binadamu. Hakuna aliyewaona mashetani hao wakipita barabarani. Walichongwa kutokana na masimulizi, na soko likawakubali. Dai kwamba mnunuzi hutaka tu kile anachokijua halina mashiko.

Wapo watakaopinga kwa hoja nzito zaidi. Watasema kwamba sanamu ya mnyama ambaye hajakamilika hata mifupa yake ni uongo uliotiwa nta. Wana ushahidi. Mwaka wa 1854, katika bustani ya Crystal Palace jijini London, Benjamin Waterhouse Hawkins alisimamisha sanamu kubwa za wanyama wa kale. Iguanodon wake aliwekewa pembe puani. Baadaye, mifupa kamili zaidi ilipopatikana, ilibainika kwamba pembe hiyo ilikuwa mfupa wa kidole gumba. Kosa hilo lingali pale, na watoto hulitazama hadi leo.

Lakini kosa hilo linafundisha nini? Halikuiua sayansi, wala halikuifuta sanaa ya Hawkins. Leo sanamu hizo ni kumbukumbu ya jinsi ujuzi unavyokua. Tafsiri ya kwanza ya kitabu chochote huwa na makosa. Hakuna anayeshauri kwamba vitabu visitafsiriwe. Dawa ya kosa ni uaminifu. Sanamu ya Simbakubwa iandamane na kadi inayosema wazi: taya na meno yanajulikana, rangi ya ngozi na urefu wa manyoya ni makisio. Mnunuzi atakayesoma hivyo hatakuwa amedanganywa.

Kuna pingamizi la tatu, nalo hutoka ndani ya idara za Kiswahili zenyewe: kwamba haya si mambo ya lugha wala fasihi. Jibu lake liko Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimbua huko takriban tani 230 za mifupa ya dinosaria. Kazi ilifanywa na mamia ya Waafrika waliochimba na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wao, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mifupa ilipelekwa Berlin, ambako kiunzi cha dinosaria mmoja, kilichosimamishwa mwaka wa 1937, kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watalii humiminika kukitazama. Ni mwaka wa 2019 tu ambapo mnyama mmojawapo wa Tendaguru aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mchimbaji wa mifupa hiyo. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya jasho la mtu huyo kupata jina. Watu walioishika mifupa kwa mikono yao hawakuachiwa nafasi ya kueleza walichokiona. Hilo ni suala la fasihi kama lilivyo suala la sayansi: nani husimulia, kwa lugha gani, na nani husikilizwa. Kujadili kurejeshwa kwa mifupa ni jambo la serikali na linaweza kuchukua muda. Kuchonga umbo na kuandika wasifu wake hakuhitaji kibali cha Berlin.

Ni hatua zipi basi zinazopendekezwa? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na wanyama watano tu. Kwa kila mmoja uandaliwe wasifu wa ukurasa mmoja, kwa ushirikiano na wataalamu wa makavazi: alikuwa nani, alipatikana wapi, ni mifupa ipi iliyopo, jina lake lina maana gani. Istilahi zisawazishwe, kwani hadi sasa wengine huandika dinosau na wengine dinosaria. Wasifu huo usomwe mbele ya wachongaji, ujadiliwe, ukosolewe, urekebishwe, maana mchongaji naye ana ujuzi wa mwili wa mnyama ambao mwanafunzi wa chuo kikuu hana. Makavazi yawape wachongaji fursa ya kutazama nakala za mifupa. Kisha kila sanamu iuzwe ikiwa na kadi yake, Kiswahili kikitangulia.

Faida haitakuwa ya lugha peke yake. Mchongaji anayechonga kiboko yule yule anayechongwa na jirani zake wote hana silaha mbele ya dalali. Bei hushuka kwa sababu kazi hazitofautiani. Mwenye umbo jipya na kisa chake ana la kumwambia mnunuzi, na ana sababu ya kukataa bei ya kutupa.

Wasomi wa Kiswahili hufurahi kila mara wanaposikia kwamba lugha yao imetumiwa ughaibuni. Furaha hiyo ni halali, lakini jina linalotolewa na wengine, likachapishwa na wengine na kuelezwa kwa lugha ya wengine, hukifanya Kiswahili kuwa pambo. Lugha huishi pale inapofanya kazi, na kazi ipo: jiwe liko Tabaka, mifupa iko Nairobi, majina yamekwisha kutolewa. Kilichosalia ni maneno ya kuviunganisha. Ajizi ni nyumba ya njaa.