Sumaku na Gololi ya Chuma

Wagonjwa wengi wa saratani wa huku kwetu Dodoma hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hivyo si ajabu mwanafunzi wa darasa la sita kumwuliza mwalimu mashine ya mionzi hufanyaje kazi. Wanachuo wengi, wakiulizwa hivyo, hubingirisha gololi ya chuma mezani na kuweka sumaku mbele yake. Gololi huikimbilia sumaku, nalo darasa huambiwa kwamba ndivyo mashine inavyozipa mbio chembe za umeme. Kwa maoni yetu mfano huo haufai hata kidogo.

Chembe zenyewe huitwa elektroni. Si chuma, zina umeme hasi. Kinachoziongezea mbio ni nguvu ya umeme: upande hasi huzisukuma, upande chanya huzivuta. Sumaku iliyotulia haiziongezei mbio kamwe. Kazi yake ni kuzipinda, wala si kuzielekeza kwake au kuzifukuza, bali kuzipeleka kando. Televisheni za zamani, zile ziitwazo za chogo, zilikuwa hivyo. Volti zipatazo 20,000 zilirusha elektroni ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa, na koili zilizozunguka shingo ya chupa ziliupinda mkondo huo mpaka ukachora picha. (Wapo mafundi wanaozihifadhi bado. Mwanachuo azitazame kwa nje tu, maana chupa yaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.)

Mashine mpya za Ocean Road, zilizoanza kutumika 2018, ni za ukoo huo huo, ila nguvu yake ni ya mamilioni ya volti. Elektroni husukumwa na mawimbi ya umeme ndani ya bomba la shaba, hukaribia mwendo wa mwanga, kisha hugonga kipande cha metali. Hapo hutoka eksirei, nazo huelekezwa kwenye uvimbe. Umeme ukizimwa, eksirei hukoma papo hapo, kama mwanga wa taa.

Kuna watu wanaodhani kwamba aliyechomwa mionzi hurudi nyumbani akiwa nayo mwilini, wakaogopa hata kula naye sahani moja. Aliyetibiwa kwa mashine hii habaki na mionzi yoyote. Je, mtoto ambaye mama yake anaepukwa na majirani atamwuliza nani, kama si mwalimu wake? Na mwalimu aliyeridhika na gololi atamjibu nini?

Badala ya gololi, yafaa mwanachuo akate mkanda mwembamba wa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, aulaze kwa kulegea juu ya sumaku yenye nguvu, hata ile iliyong'olewa katika spika ya redio mbovu. Kisha aziguse ncha mbili za betri kwa ncha za mkanda, kwa nukta moja tu, usije ukapata moto. Alumini haivutwi na sumaku, na hilo lionyeshwe kwanza. Lakini umeme ukipita, mkanda utaruka kando. Betri ikigeuzwa, utaruka upande wa pili. Kabla ya kugusa, wanafunzi waulizwe mkanda utaelekea wapi, na majibu yao yote yaandikwe ubaoni, hata yale ya gololi.