Shauri kwa Mwenye Gari Kuukuu
Gari lako limekwisha kwenda kilometa 300,000, na leo giaboksi imekufa. Akiba yako ni ndogo. Usikimbilie kununua. Kwanza pima: injini ingali na nguvu? Chasisi haijaliwa na kutu? Kama zimechoka, usitupe fedha humo. Karo ya watoto isiguswe.

Kama ni nzima, tafuta giaboksi iliyokwisha kutumika, ya namba ileile. Kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono katika kila gia, utazame na mafuta yake: vipande vya chuma ni dalili mbaya. Wakati wa kuifunga, badili pia sahani ya klachi, maana kazi ya kufungua ni ileile. Anayefungua mara mbili hulipa mara mbili.