Saruji isiyochafua hewa haitafaa nyumba zikijengwa kwa pupa

SERIKALI imeweka shabaha ya kujenga nyumba 200,000 za bei nafuu kila mwaka. Mjadala umetawaliwa na ushuru wa kuzigharimia na ni nani atakayepewa. Suala la nyumba hizo zitadumu miaka mingapi halijapewa uzito unaostahili.

Viwanda vya saruji hutoa kati ya asilimia saba na nane ya gesi ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sehemu kubwa hutoka kwa mawe ya chokaa yanapochomwa kutengeneza klinka, kiungo kikuu cha saruji. Ndiposa watengenezaji wanapunguza klinka na kuongeza majivu ya volkano au udongo uliochomwa. Wakenya wengi tayari hutumia saruji ya aina hii: mfuko wenye alama ya CEM IV/B 32.5 huwa na majivu ya volkano kati ya asilimia 36 na 55. Nayo saruji ya LC3, iliyobuniwa na watafiti wa Uswisi, Cuba na India, huwa na klinka nusu tu, na hupunguza gesi hiyo kwa hadi asilimia 40.

Hata hivyo, faida hiyo ina masharti. Vyuma vilivyo ndani ya zege havishiki kutu kwa sababu zege mpya ina alikali nyingi inayotokana na chokaa. Kaboni dioksidi ya hewani hupenya polepole, ikaungana na chokaa hiyo na kuimaliza nguvu. Hali hiyo huitwa kabonesheni. Inapofikia vyuma, kinga hutoweka. Maji ya mvua au ya bafuni yakiingia, kutu huanza, chuma huvimba na zege hupasuka.

Saruji yenye klinka kidogo huwa na akiba ndogo ya chokaa, hivyo gesi huweza kusonga kwa kasi zaidi. Hili si kosa la saruji yenyewe. Katika miji ya Pwani, saruji hiyo hiyo huzuia chumvi ya bahari kufikia vyuma vizuri kuliko ile ya kawaida. Aidha, ikinyweshewa maji ipasavyo hushikamana na kuziba vitundu ambavyo hewa ingepitia. Tatizo ni kwamba hukomaa polepole, ilhali mwanakandarasi anayefukuzana na tarehe huacha kuimwagilia baada ya siku mbili au tatu badala ya wiki moja au zaidi.

Kosa la pili ni wembamba wa tabaka la zege linalofunika vyuma. Gesi hiyo hupunguza mwendo kadiri inavyozama: ikichukua miaka 10 kupenya milimita 15, itahitaji takriban miaka 40 kufika milimita 30. Kwa hivyo, fundi anayepunguza tabaka hilo kwa nusu humwibia mwenye nyumba robo tatu ya muda wa kinga.

Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zilichukua mahali pa zile za 1968. Lakini kanuni hazinyweshi zege maji. Wakaguzi wa kaunti wanafaa kupima tabaka hilo kabla ya zege kumwagwa, na kurudi baada ya miaka michache. Kipimo chenyewe si ghali: kemikali ya fenolftalini ikinyunyiziwa zege iliyovunjwa punde, palipo na kinga hugeuka rangi ya waridi, palipoishiwa hapabadiliki.

Kwa familia itakayolipia nyumba kwa miongo kadhaa, huo si mjadala wa maabara. Nyumba ikibomolewa kabla ya deni kuisha, mwenyewe atakuwa amepoteza akiba yake, na saruji ya kujenga nyingine itarudisha angani ile gesi iliyodaiwa kuepukwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huo pia utahitaji saruji.